Anadaiwa mchango? Maana ya kumjumuisha mtu mzima mwenye ulemavu

Tangu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, irejeshwe mwaka 2024, baada ya kusimamishwa mwaka 2023, neno "ujumuishi" halikosekani kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, iwe Kilwa au Newala. Afisa analitamka, mwenyekiti analirudia, wananchi wanapiga makofi. Mkutano ukishafungwa na watu wakirudi makwao kwa makundi, ndipo unasikia kila mmoja kaondoka na lake. Huyu anasema walemavu sasa wana fungu lao serikalini, basi kijiji hakidaiwi tena. Yule anasema hayo ni mambo ya shule, watoto wasome pamoja. Na wapo wazazi wenye vijana wakubwa wasiosema au wasiotembea wanaouliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama maana yake ni kwamba siku moja gari litakuja kuwachukua na kuwapeleka kwenye kituo.

Wote watatu wamekosea. Na kwa kuwa mazungumzo mengi ya jambo hili huanzia na kuishia kwa watoto, hapa nitawazungumzia watu wazima: wa miaka ishirini, arobaini, sabini, wanaoishi nasi Lindi na Mtwara, ambao tunaendelea kuwaita "mtoto wa fulani" mpaka wanaota mvi.

Ulemavu una pande mbili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006 na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mkataba huo unaeleza kwamba ulemavu hauko mwilini peke yake. Upande mmoja kuna hitilafu ya muda mrefu: macho hayaoni, miguu haina nguvu, akili inachelewa kuelewa, mtu anaishi na ugonjwa wa akili. Upande wa pili kuna vikwazo ambavyo watu wameviweka au wameviacha. Viwili hivyo vikikutana, mtu anashindwa kushiriki sawa na wenzake.

Mkazi wa Msangamkuu mwenye shughuli zake Mtwara mjini anayavuka maji kwa kivuko. Kivuko kikiharibika, anakwama. Lakini hakuna anayesema watu wa Msangamkuu wana upungufu wa kuogelea. Tunasema kivuko kibovu, tunauliza kitatengenezwa lini. Sasa mtu wa kiti mwendo akifika kwenye ofisi yenye ngazi tano, tunamtazama yeye. Tunasema maskini, hawezi. Kumbe na yeye amefika ukingoni na hakukuta kivuko. Tangazo la mkutano linalopitishwa kwa kipaza sauti tu linamwacha kiziwi ng'ambo. Fomu yenye maandishi ya kubana inamwacha ng'ambo mzee mwenye mtoto wa jicho.

Simaanishi kwamba maumivu ni ya kufikirika, au kwamba hospitali na mafundi wa miguu bandia hawana kazi. Wana kazi kubwa. Ila wakishamaliza yao, inabaki sehemu ambayo daktari hana dawa yake, na hiyo ndiyo yetu.

Wapo wanaodhani watu hawa ni wachache, labda wawili watatu kwa kijiji. Sensa ya 2022 ilionesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi. Idadi hiyo inawashangaza watu kwa sababu wao huhesabu magongo na fimbo nyeupe peke yake, ilhali karani wa sensa alikuwa anauliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Kwa maswali hayo anaingia bibi aliyepata kiharusi, baba ambaye kisukari kimemharibu macho, kijana wa bodaboda aliyevunjika nyonga. Kwa ukanda wetu wa pwani anaingia pia mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na uti wa mgongo ukaumia. Wengi wao walizaliwa wazima. Walikuwa wanajumuika na wenzao mpaka siku ile, na hakuna aliyewafukuza baada ya hapo. Watu waliacha tu kuwaita.

Kuwa pamoja na kujumuishwa ni vitu viwili

Hapa ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa. Kumficha mtu chumbani wageni wakija, hiyo ni kumtenga, na wengi tunaijua kuwa mbaya. Kumjengea mahali pake, siku yake na shughuli yake mbali na wengine ni kumtengea. Kuna wakati inasaidia, kama mafunzo ya nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, au ya lugha ya alama, lakini haiwezi kuwa maisha yake yote. Halafu kuna kumleta mahali walipo wengine, na hapa wengi hudhani safari imekwisha. Kaka kaletwa harusini, kapewa kiti nyuma ya turubai, kapelekewa sahani ya pilau iliyojaa kuliko za wenzake. Amekula, amerudishwa nyumbani. Saa nne nzima hakuna mtu aliyemwambia neno zaidi ya "umeshiba?"

Kujumuishwa kunaanza pale mtu anapokuwa na nafasi ambayo asipokuwepo inaonekana. Ana zamu. Ana neno linalosikilizwa. Na ana wajibu, jambo ambalo sisi wenye huruma hulisahau zaidi ya mengine yote.

Angalia daftari la michango. Kijiji kikipata msiba au harusi, mtu hupita na daftari nyumba kwa nyumba. Akifika kwa mtu mzima mwenye ulemavu, mara nyingi hupitiliza. "Huyo mwacheni." Nia ni njema kabisa. Lakini asiyeandikwa kwenye daftari hawekwi kwenye kamati, haitwi kwenye kikao, na siku msiba ukiwa wa kwake watu huja kumsaidia badala ya kuja kumlipa. Mngemdai hata shilingi mia tano. Na asiye na fedha ana mikono: asiyeona anachambua mchele kwa vidole na kukuna nazi kwenye mbuzi bila kupoteza hata kipande, mwenye miguu isiyo na nguvu anakaa na daftari lenyewe, anaandika nani katoa nini, mwenye ulemavu wa akili anabeba maji, na ukimwonyesha vizuri anapanga viti mistari iliyonyooka kuliko sisi wenye haraka. Ninapotaka kujua kama mtu amejumuishwa mahali fulani, sitazami alivyopokewa. Nauliza kama anadaiwa.

Msimu wa korosho

Chukua mkulima asiyeona, mwenye mikorosho yake aliyorithi. Anajua shamba lake kwa kunyata na kupapasa, anaokota na vibarua wake, anakausha. Mzigo unafika ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Hapo kuna mzani, kuna mtu wa kusoma uzito, kuna stakabadhi, kisha mnada, na mwisho fedha huingia kwenye akaunti ya benki. Hesabu ni mara ngapi katika mlolongo huo anategemea macho ya mtu mwingine. Uzito kasomewa na nani? Daraja la korosho kaelezwa na nani? Stakabadhi yuko nayo nani? Na kadi ya benki, pamoja na namba ya siri?

Kwenye nyumba nyingi jibu ni moja: ndugu. Ndugu wengi ni waaminifu, na bila wao mambo yasingeenda. Lakini mtu mzima anayeambiwa tu "zimeingia, tutakununulia bati" hajajumuishwa kwenye biashara ya mali yake mwenyewe. Kurekebisha hili hakuhitaji mradi. Karani asome uzito kwa sauti, ajielekeze kwa mwenye mzigo na si kwa aliyemshika mkono. Mkulima achague shahidi wake mwenyewe, awe anaweza kumbadilisha. Kiasi kilichoingia asomewe yeye kwanza. Hata sheria zetu za uchaguzi zina busara hiyo: mpiga kura asiyeona anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye mwenyewe. Msaada upo, na mwenye kuamua ni yule yule mwenye kura.

Basi hapo tumefika kwenye maana ya kuishi kwa kujitegemea, ambayo nayo hueleweka vibaya. Watu husikia "kujitegemea" wakadhani mtu anaambiwa afanye kila kitu peke yake. Kifungu cha 19 cha mkataba kinataka mambo mengine: mtu achague aishi wapi na aishi na nani, sawa na watu wengine, asilazimishwe kuishi kwenye makazi maalumu, apate msaada anaouhitaji akiwa nyumbani kwake na katika jamii yake, na huduma za watu wote zimfikie na yeye. Dada anayepikiwa, anayeogeshwa na kuvalishwa bado anajitegemea ikiwa ndiye anayesema leo avae nini, aende kwa nani, arudi saa ngapi. Na wale wazazi wenye hofu ya gari wapate jibu lao hapo: ujumuishi unakataza jambo wanaloliogopa.

"Huyu jina lake nani?"

Kuna mazungumzo ambayo mtu mwenye ulemavu wa hapa kwetu atakuwa ameyasikia tangu utoto, dirishani hospitali, benki, ofisi ya kata:

"Mama, huyu jina lake nani?"

"Muulize mwenyewe, mwanangu, anasema."

"Ana miaka mingapi?"

Anayeulizwa ni mama. "Huyu" ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, amesimama na magongo yake hatua moja kutoka dirishani, masikio yake ni mazima na ulimi wake pia. Mhudumu hana ubaya; katika fikra zake ulemavu wa mguu umepanda mpaka umefika akilini. Mama naye, kwa kuzoea, safari ijayo atajibu tu ili foleni isogee. Tiba ya hili ni ndogo: mtazame mwenyewe, mwamkie kwa heshima ya umri wake. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo yake anaistahili kama mzee mwingine yeyote. Ni ajabu jinsi watu wanavyowaamkia wazee wote barazani, wakifika kwa mzee mwenye kibyongo au mwenye ulemavu wa akili wanamwambia "mambo vipi" kama wanavyomwambia mtoto.

Kwa viziwi jambo ni zito zaidi. Watu wazima wengi waliozaliwa viziwi vijijini hawakupata shule, kwa hiyo hawajui Lugha ya Alama ya Tanzania. Wana ishara zao walizozoeana na watu wa nyumbani. Ndiyo maana wakienda kliniki huitwa mtoto wa nyumbani awe mkalimani. Fikiria mama wa miaka arobaini anaelezwa habari za uzazi au majibu ya vipimo vya Virusi vya UKIMWI kupitia mtoto wa ndugu yake wa miaka kumi. Siri yake imeshatoka, na heshima yake mbele ya mtoto yule pia. Kama mkalimani aliyesomea hapatikani, atafutwe mtu mzima ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali, zitumike picha, mwili uonyeshwe, subira iwepo. Kumpigia kelele sikioni hakusaidii. Kusimama mbele yake kwenye mwanga, ili aone uso na midomo yako, kunasaidia.

Na wenye ulemavu wa akili? Hapa hata watu wema husita: "Huyo ataamua nini?" Jibu ni kwamba uwezo wa kuamua hauko kama taa, iwake au izime yote. Mtu anaweza kushindwa kabisa kuhesabu riba na akajua barabara ni nani anampenda na ni nani anamnyanyasa, anataka kulala nyumba ipi, hataki kazi ipi. Mkataba, kwenye kifungu cha 12, unataka apewe msaada wa kuamua: maneno mepesi, jambo moja kwa wakati, muda wa kufikiri, mtu anayemwamini pembeni yake. Unapoamua kila kitu kwa niaba yake kwa miaka ishirini, kisha ukasema hajui kuamua, umesahau ni nani aliyemfundisha hivyo. Tena wanaozoeshwa kutii kila mtu mzima bila kuuliza ndio wanaodhulumiwa kirahisi zaidi, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya mabinti.

Yanayosemwa sana

Kwamba ulemavu ni mkosi au kazi ya wachawi. Chanzo kinaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, trakoma isiyotibiwa, ajali, au kurithi, kama ualbino, ambao unatokana na vinasaba vya baba na mama wote wawili. Na kwa sisi tuliosoma madrasa, habari ya Ibn Umm Maktum, sahaba wa Mtume Muhammad, si ngeni. Alikuwa haoni, akawa mwadhini Madina pamoja na Bilal, na Mtume alipokuwa safarini alimwachia usimamizi wa mji. Hakutengewa kona ya kukaa. Alipewa kazi ambayo mji mzima uliisikia kwa masikio.

Kwamba "walemavu wanapewa hela". Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mkopo. Hauna riba, lakini unarejeshwa. Kwa hiyo anayeuchukua anakuwa mdaiwa kama mfanyabiashara mwingine, na kijiji kinachosema "wameshapewa yao" kimeelewa kinyume. Tatizo ninaloliona mimi ni kikundi kinachoundwa na watu wengine, jina la mtu mwenye ulemavu likawekwa juu ili mkopo upite, naye asijue hata biashara yenyewe ni ya nini. Huyo ametumiwa. Kama wewe ndiye unayeombwa jina lako, uliza kwanza daftari la fedha linakaa kwa nani na sahihi za benki ni za nani.

Kwamba kujumuisha ni gharama kubwa. Kuna mambo ya gharama, sikatai. Lakini kuhamisha mkutano kutoka ghorofani kwenda chini ya mwembe ni bure. Kutuma ujumbe wa simu kwa kiziwi anayejua kusoma, badala ya kutegemea kipaza sauti, ni shilingi chache. Hasara mara nyingi hutokana na kujenga vibaya. Njia ya mteremko ya kiti mwendo inatakiwa, kwa kila sentimita moja ya kupanda, iende mbele sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia iwe na urefu wa mita 5.4. Fundi akimwaga zege juu ya ngazi zilezile ili njia ibaki ndani ya mita moja na nusu, amejenga kitu ambacho mtu hawezi kupanda mwenyewe na akishuka anaweza kupinduka. Saruji imetumika, picha imepigwa, mtu bado yuko nje. Kabla hamjamwaga zege, mwiteni mwenye kiti mwendo mmoja aje aseme.

Na kwamba hakuna pa kupeleka malalamiko. Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Pia inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Muulize mtendaji wako kamati ya kijiji ina wajumbe gani na ilikaa lini mara ya mwisho. Swali hilo likiulizwa hadharani huwa linaleta kikao.

Mama akiondoka

Nimeliacha mwisho lililo gumu kuliko yote. Nyumba nyingi zenye mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa zinasimama juu ya mtu mmoja, na kwa kawaida ni mama. Yeye anajua ishara zake, dawa zake za kifafa, anavyolia akiumwa na anavyolia akikasirika. Mama huyo hajaenda ngomani miaka mingi, hajalala msibani, hajaugua kwa raha. Ujumuishi ni wake pia: kijana akiwa na zamu kwa shangazi, kazi ndogo kwa fundi seremala, rafiki wa kwenda naye kutazama mpira, mama anapata jioni, na watu wengine watatu wanne wanajifunza kumwelewa mwanawe wakati mwenye kujua bado yupo wa kuwafundisha.

Upande wa mali, familia zikae mapema. Kwenye mirathi ya Kiislamu fungu la mrithi hutokana na nasaba au ndoa, wala ulemavu haulipunguzi. Anayehitaji msimamizi hupewa msimamizi, lakini mali inabaki yake. Wanaofuata utaratibu mwingine waandike wosia wenye mashahidi. Mikorosho itajwe kwa idadi ya mashina na mipaka, ijulikane ipi ni yake. Msimamizi awe mmoja na mkaguzi awe mwingine, tofauti na yule anayekaa naye nyumba moja. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Na kikao hicho kikikaa, mwenye mali awepo, aketi kwenye duara na wenzake, aelezwe kwa namna anayoielewa, aulizwe kati ya ndugu zake angependa kuishi na nani. Kama hasemi, wanaomjua watazame anavyofanya kila mmoja wao anapoingia mlangoni.